Swichi ya Mwisho Kulia

Nyamira, Jumapili baada ya misa

Kemunto mwanangu,

Habari za sabuni, blanketi na namna ya kushika pochi penye watu wengi nimemwachia baba yako. Ameshaandika karatasi nzima, na leo asubuhi nilimwona anaanza ya pili, kwa hiyo hutafika Nairobi ukakosa maagizo. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu kwa sababu kuna jambo moja nimekaa nalo tangu ulipokuwa mtoto, na kesho ukipanda basi bila kulisikia nitajuta.

Usishangae nikikuandikia kwa Kiswahili. Kwa Ekegusii ningekwama mstari wa pili, maana kuna mambo ambayo kwa lugha ya nyumbani mama haoni pa kuanzia. Kiswahili ndicho nilichofanyia kazi miaka yote hii, visikio kichwani, nikiwaambia watu wangoje kidogo. Nimekizoea kwa kusema ukweli na watu nisiowaona.

Lakini kwanza acha nijivune. Padre alipotangaza leo kwamba binti wa kilima hiki amechaguliwa kwenda kujifunza kazi ya kompyuta, niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama inavyotakiwa, lakini moyoni nilikuwa nimesimama juu ya benchi. Tulipotoka, Mama Nyaboke akaniuliza kompyuta ni kitu gani. Nikamwambia ni mashine inayofikiri. Akauliza inafikiri nini. Nikamjibu hayo Kemunto atatuandikia. Nilijivuna, nikatubu, nikajivuna tena kabla hatujafika getini. Sioni kama ni dhambi kubwa.

Sasa nije kwenye ile karatasi uliyopewa siku ya usaili, yenye picha ya mashine ya kutoboa kadi za kompyuta. Wewe uliikunja ukaiweka ndani ya Biblia, na mimi nimeichomoa mara nyingi kuliko unavyojua. Chini kuna vitufe vya herufi kama vya taipureta. Juu yake kuna safu ya swichi ndogo, zimepangwa bega kwa bega. Nilikuwekea kidole pale nikakuuliza hizi ni za nini. Ukasema, "Hizo ndogo hazina neno, Mama. Wenzangu wakibonyeza, na mimi nitabonyeza."

Kisha ukanisimulia usaili. Yule mkubwa wa mafunzo alieleza kazi, akauliza kama mmeelewa, nawe ukaitikia ndiyo ingawa hukuelewa hata nusu. Nilipouliza kwa nini, ukasema ni mtu wa kwetu, wa ukoo wetu, rika moja na baba yako, na huwezi kumkazia macho mtu kama huyo na kuanza kumuuliza maswali. Ulicheka. Na mimi nilicheka, nikaenda jikoni nikakaa karibu na moto bila kupika chochote.

Nilikaa kule kwa sababu katika maneno yako nilijisikia mimi mwenyewe nikisema.

Unadhani unajua jinsi nilivyoingia kazi ya simu pale hospitali ya misheni. Unajua kwamba Mzee Nyamweya ndiye alikuwa opereta wa kwanza, kazi aliyojifunza jeshini, na kwamba macho yalipoanza kumchosha Sista Mkuu alitafuta mtu aliyesoma kidogo wa kumrithi, akanipata mimi. Hayo ni kweli. Kilichobaki hatukuwahi kuwaambia ninyi watoto.

Mzee Nyamweya ni mdogo wa babu yako aliyekuzalia baba. Kwako ni babu wa kutaniana naye, anakuita mke wake na wewe unamwambia ameota mvi. Kwangu ni baba mkwe. Unajua mkamwana na baba mkwe wanavyoishi kwetu. Hatupeani mikono, hatukai benchi moja, tukikutana njiani mmoja anapisha mbali. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yenye mipaka yake tuliyozaliwa tukaikuta, na mpaka leo silalamiki juu yake. Imetunza amani katika maboma mengi, hata la kwetu.

Shida ilikuwa chumba. Chumba cha simu kilikuwa na kiti kimoja, swichibodi, yaani ule ubao wa kuunganisha simu, na dirisha la kuchungulia ua. Ukitaka kumwonyesha mtu kazi mle ndani, lazima mabega yenu yagusane. Sista Mkuu alitoka Ulaya, chinsoni hakuijua, na hakuna aliyemweleza. Alisema tu, "Mzee atakufundisha wiki mbili," akaenda zake wodini.

Basi Mzee alinifundisha akiwa amenipa mgongo. Yeye amekaa ndani, mimi nimesimama nje ya mlango kwenye korido, wauguzi wakinipita na mabeseni. Alikuwa akisema, "Hii," kisha nasikia kitu kimelia ta. "Halafu hii." Ta. Mimi nikiwa pale mlangoni nilichoona ni kiwiko chake na mahali mkono ulipokwenda. Maandishi ya kwenye swichi sikuyaona hata siku moja yeye akiwepo. Alipotoka kwenda kunywa chai ndipo nilipoingia nikajaribu, naye akirudi mimi natoka.

Swichi zilikuwa saba, zimepangwa mstari mmoja sehemu ya chini ya ubao. Nilizishika kwa hesabu. Ya kwanza kushoto ni ya kuzungumza, ya pili ni ya kumpigia mtu kengele, hivyo hivyo mpaka ya mwisho kulia. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipenda, kwa sababu ilinipa uhuru. Opereta akiondoka, akiisukuma juu, simu zote za nje zinakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha muuguzi wa zamu. Iliwekwa kwa ajili ya usiku, lakini mimi niliitumia pia saa ya chakula cha mchana. Nasukuma ya mwisho kulia, nakwenda kula.

Baada ya wiki mbili Sista akaja akaniuliza mbele ya Mzee, "Umeelewa yote?" Nikasema, "Ndiyo, Sista." Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Ningesema nini? Ningesema sijaelewa, maana yake baba mkwe wangu hakunifundisha. Unaniona nilivyobanwa.

Nilifanya kazi vizuri, Kemunto, na hapo ndipo penye hatari. Vidole vilijua kazi bila mimi. Nilikuwa na mwendo wa haraka kiasi kwamba opereta wa posta Kisii aliniita sauti ya saa, kwamba sichelewi. Wewe ulipoanza darasa la kwanza nilikuwa najiona bingwa.

Kisha wakaleta ubao mpya.

Uliletwa na fundi Saidi, kijana wa mjini Kisii, watu wa duka la vitambaa, mpole kabisa. Siku nzima alifunga nyaya akiimba. Alipomaliza akafuta kiti kwa leso yake akaniambia, "Dada, njoo ukae nikuonyeshe. Huu si kama ule wa zamani."

Nikamwambia, "Najua kazi."

"Najua unajua. Lakini swichi za hapa ni tisa, na wamezipanga kivyao."

"Baba mkwe wangu alinifundisha," nikasema.

Saidi alinitazama, akaona amegusa mahali pasipoguswa. Akakunja leso, akasema kama kuna swali nimpigie, akaondoka na mkoba wake. Ningekaa kwenye kile kiti robo saa tu, yote yangekwisha. Lakini niliona kwamba nikimwachia kijana wa mjini anifundishe upya, itavuma mpaka kijijini kwamba Mzee Nyamweya alifundisha nusu. Nilidhani namlinda mzee wangu. Nilikuwa najilinda mimi pia, tusidanganyane.

Siku ya nne, saa ya chakula, nilisukuma ya mwisho kulia nikaenda kula. Nakumbuka tulikula mboga za chinsaga na ugali wa wimbi, na tulikuwa tunamcheka mpishi. Nilikaa huko saa nzima na zaidi kidogo.

Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Taa tatu zilikuwa zinawaka kwenye ubao, na hakuna mlio wowote. Nilichomeka waya kwenye laini ya posta, na opereta wa Kisii akasema, "Mama, ulikuwa wapi? Watu wa Ekerenyo wamepiga mara nne. Kuna mtu ameangukiwa na gogo."

Walikuwa wapasua mbao. Gogo la mkaratusi liliteleza kutoka juu ya jukwaa la msumeno likamkalia kijana mmoja mguu. Wenzake walikimbia mahali penye simu wakaomba gari la wagonjwa. Walipiga, wakangoja, wakapiga. Mwisho walimlaza juu ya mlango wa nyumba wakambeba mpaka barabarani, na Landrova yetu ilipotoka hatimaye ilimkuta njiani ndani ya lori la majani ya chai.

Nilirudisha chini ile swichi ya mwisho kulia, kisha nikainua kidole. Chini yake palikuwa pameandikwa neno, kwa Kiingereza ambacho nilikisoma shule, wazi kabisa. Ilikuwa swichi ya kunyamazisha kengele. Swichi ya usiku ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, nayo imeandikwa. Siku nne nilikuwa nafunika lile neno kwa kidole na kusukuma.

Daktari alimkata yule kijana mguu chini ya goti jioni ile ile. Nilimsikia akimwambia Sista kwenye korido kwamba angefika mapema, labda. Hakusema zaidi ya hapo. Neno hilo moja nimelala nalo na kuamka nalo, na sijui hata leo nilibebe vipi, kwa sababu angesema ndiyo ningejua uzito wake, na angesema hapana ningeliweka chini.

Sasa nakuambia lililo baya kuliko swichi. Sista aliponiuliza kwa nini simu haikupokelewa, nilisema laini ilikuwa mbovu. Nilisema bila kupepesa macho. Kosa la kidole ni la kutojua, lakini lile la mdomo nililijua vizuri.

Nilidumu nalo siku tatu. Siku ya nne nilikwenda bomani kwa Mzee Nyamweya, nikasimama nje ya ua wake wa miti, yeye akiwa ndani anachambua kahawa. Nilisema nikiwa nimetazama chini. Nilimwambia zile swichi sizijui, sikuzijua tangu mwanzo, nilizihesabu tu, na mtu amepoteza mguu, na nimemdanganya Sista. Nilisikia kahawa ikiendelea kudondoka kwenye ungo, nikarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Sista ukweli. Hakupaza sauti. Aliniondoa kwenye simu, akanipeleka kufua mashuka, na hakuniambia kama nitarudi. Nilifua mashuka ya wodi ya wanaume miezi mitatu, na mengine yalikuwa ya kitanda chake yule kijana. Nilikuwa nayajua bila kuambiwa.

Jumamosi ya kwanza ya miezi hiyo ndipo penye habari yako. Utakumbuka ule mchezo wa visanduku. Umeniuliza zamani kwa nini Babu aliacha kuja kuchora ardhini, nikakujibu amezeeka.

Alikuja asubuhi na fimbo yake na miwani yake. Kumbe alikuwa amekwenda hospitalini peke yake, akaomba ruhusa kwa Sista, akaketi mbele ya ubao mpya akayanakili maneno yote kwenye kipande cha boksi. Alisimama katikati ya ua wetu, akachora kwa fimbo visanduku tisa kwenye udongo, vikubwa, kila kimoja upana wa hatua. Kisha akasogea upande wa migomba. Mimi nikasimama upande wa jikoni. Kati yetu palikuwa na nafasi ya kutosha heshima zote za ukoo.

Na wewe ukaja mbio kutoka nyuma ya nyumba ukaanza kuruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, ukidhani umechorewa wewe.

Niliona aibu, nikataka kukufukuza. Mzee akasema, "Mwache." Kisha akakuuliza wewe, "Mke wangu, hapo uliposimama ni wapi?" Ukasema hujui. Ukauliza, "Hii ni ya nini, Babu?" Akakuambia ni ya kuzungumza na mtu anayepiga. Ukaruka. "Na hii?" Ni ya kumpigia kengele yule anayetafutwa. "Na hii?" Ni ya usiku. "Na hii ukiikanyaga kwa makosa?" Akacheka, akasema rudisha mguu upesi, kisha muombe msamaha aliyekuwa anangoja.

Nilisimama pale mlangoni pa jikoni, nimeshika mwiko, nikisikia kila swali ambalo nilipaswa kuuliza miaka ile likitoka kwenye mdomo wa mtoto aliyeng'oka meno mawili. Hukumuogopa. Hakukuwa na sababu ya kumuogopa, babu ni wako. Nilichopata siku ile nilikipata kupitia kwako, na wala hukujua kwamba umenibeba.

Ulipofika kisanduku cha nane ukauliza kama kawaida. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. Kuniambia mimi asingeweza, lakini wewe ulikuwa unamngoja kwa mguu mmoja, umeinua ule mwingine. Akasema, "Hiyo, mke wangu, mimi mwenyewe siijui. Haikuandikwa neno, na niliona haya kumuuliza yule kijana Saidi."

Nilikaa chini, Kemunto. Nilikaa kwenye kizingiti na mwiko wangu. Mzee wa jeshi, aliyenifundisha, naye aliogopa kuuliza kama mimi.

Alirudi kila Jumamosi. Jumamosi ya pili alivichora vile visanduku kwa mpangilio mwingine. Jumamosi ya tatu mwingine tena, ili miguu yako isizoee. Wewe uliruka na kuuliza, mimi nilijibu kwa sauti nikiwa upande wangu, na nikikosea yeye anakuambia wewe, "Mwambie mama yako afikiri tena." Hakutaka kusikia iko wapi. Alitaka kusikia inafanya nini, na ukiikosea unairudishaje. Hayo mawili tu. Mengine, alisema, ni mazoea ya vidole, na vidole havina akili.

Sista aliponirudisha kwenye simu, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumpigia fundi Saidi. Nilimwambia, "Saidi, mimi yule niliyekataa kufundishwa. Swichi ya nane ni ya nini?"

Alicheka mpaka waya ukakwaruza. "Hiyo? Hiyo haina waya, Mama Kemunto. Hiyo haifanyi kitu. Waliacha tundu tu, wakaona waijaze."

Watu wazima wawili tulikuwa tunaizunguka swichi isiyo na waya. Nilicheka pia, halafu nikalia kidogo, halafu taa ikawaka nikapokea simu. Tangu hapo nimefundisha wasichana watatu ile kazi. Kila mmoja nimemkalisha kwenye kiti na mimi nimesimama, na wa kwanza aliyeniuliza swali la kijinga nilimpikia chai.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya mashine yako, tazama ile safu ya juu kabla hujagusa herufi hata moja. Aliyezipanga alikuwa na akili yake. Zinazokaa jirani mara nyingi zinafanya kazi ya jirani, na ile inayotumika zaidi huwa haiwekwi mbali na mkono. Lakini usimtegemee huyo mpangaji, maana mwakani ataleta mashine nyingine na atazipanga kivyake. Inua kidole, usome kilichoandikwa chini yake. Isiyoandikwa kitu, uliza. Ukiambiwa haifanyi kitu, shukuru, sasa unajua. Na ukiuliza mara ya pili lile lile, wakakucheka, waache wacheke, nimeona kicheko hakimkati mtu mguu.

Yule mkubwa wa mafunzo ni rika la baba yako, najua. Mheshimu. Mpishe mlangoni, usikae kabla yake, usimtaje jina. Kisha muulize. Nimelifikiri hili miaka mingi na nakuambia kwa dhati, heshima haikatazi swali. Ukiona haya kumkaribia, simama mbali na uulize kwa sauti. Mzee Nyamweya alinionyesha kwamba inawezekana, alichohitaji ni ua mkubwa na fimbo.

Sasa sanduku lako. Unajua limetengenezwa na Baba Moraa, yule fundi wa mguu mmoja pale Daraja Mbili, karibu na wauza ndizi. Umemjua tangu ukiwa mdogo, amekuchongea vijiko na kile kigoda. Hukujua kwa nini mama yako hupita kwake kila siku ya soko hata asipokuwa na haja ya kitu cha mbao. Ndiye yule kijana. Alipoacha kupasua mbao alijifunza kuunga masanduku, kwa sababu ni kazi ya kukaa.

Miaka yote hiyo nilimsalimia, nikamuuliza habari za Moraa, nikaondoka. Barua yako ya kuitwa ilipofika nilikwenda kumwagiza sanduku, na nikaona siwezi kuweka nguo zako ndani ya mbao za mtu niliyemficha. Alikuwa anapiga randa kifuniko. Nikasema, "Baba Moraa, siku ile ya mguu wako, kengele ya simu niliizima mimi."

Hakuacha kupiga randa. Akasema, "Najua, Mama Kemunto."

Nikauliza anajuaje.

"Mzee Nyamweya alikuja wodini, wiki ile ile. Alikaa kitandani kwangu, hapa, karibu kabisa. Akaniambia kosa ni lake, kwamba alikufundisha akiwa amekupa mgongo. Akaniomba nisikuulize kitu, wewe utakuja mwenyewe." Akapuliza vumbi la mbao. "Umechelewa kidogo, lakini umekuja."

Akarudi kwenye randa, akaniuliza, "Na ile swichi, sasa unaijua?"

"Naijua. Zote tisa."

"Na huyu mtoto anayekwenda, anajua kuuliza?"

Nikamwambia huyu ndiye aliyetuulizia sisi sote. Akatabasamu, akaniomba nimshikilie upande wa pili wa kifuniko apige misumari. Ukilifungua utaona misumari mitatu imepinda, hiyo ni mimi sikukishika kifuniko sawasawa.

Kwa hiyo nimejua juzi tu, mwanangu, kwamba Mzee alinibebea lile jambo kwa yule mgonjwa, akanyamaza, na kila Jumamosi alikuja akachora kama mtu aliyekuja kucheza na mjukuu. Nami siwezi kwenda kumshukuru. Ningesimama tena nje ya ua, nikatazama chini, yeye angeendelea kuchambua kahawa. Ndivyo tulivyo na sitavunja hilo uzeeni kwake.

Lakini wewe unaweza. Kesho asubuhi, kabla hamjashuka barabarani, mpitie. Atakuwa amekaa nje na blanketi lake, macho karibu hayaoni tena. Mwambie unakwenda Nairobi kwenye mashine yenye safu ya swichi, atakuuliza ni ngapi, nawe mwambie hujui bado, utauliza. Atafurahi kuliko ungemtajia hesabu.

Kisha mshike mkono. Mshike kwa mikono yako miwili, ukae nao kidogo hata akianza kukutania. Nimeishi jirani naye tangu nilipoolewa, amenifundisha kazi inayotulisha, na sijawahi kuugusa mkono ule. Mwambie mkono mmoja ni wako, na mmoja nimekutuma mimi.

Mama yako